Katriji ya Super 8 niliyoijaza upya imekwama, nyingine imetoka nyeupe pe. Nimekosea wapi?

NuruNdogo

Wakuu, habari za muda huu. Naungama mapema: nimeua filamu mbili ndani ya wiki moja, kila moja kwa kifo chake.

Kamera ni Super 8, ile ya sinema inayotumia filamu ya milimita 8 ndani ya katriji, ya marehemu baba mkubwa. Mota inazunguka, sindano ya mwanga inacheza, lenzi haina ukungu. Kwenye sanduku lake nilikuta katriji mbili za Tri-X, filamu ya nyeusi na nyeupe, zilizopitwa na muda zamani sana, nikazichokonoa mshono kwa kisu cha kukatia karatasi ili nipate maganda. Nikatafuta Fomapan R100, filamu ya kugeuza ya nyeusi na nyeupe, ya Double Super 8 (upana milimita 16, ya kupasuliwa kuwa mbili), mita 30, nikaipasua katikati gizani kwa kipasulio cha kuazima. Kwa hiyo nikawa na mikanda miwili ya mita 30, upana milimita 8, matundu upande mmoja kama inavyotakiwa.

Ya kwanza nilijaza mita 15 kamili, sawa na ya kiwandani. Nikafunga ganda kwa tepu nyeusi ya umeme, nikatoka nje kupiga. Kamera ililia vizuri kwa sekunde kama kumi, halafu sauti ikageuka, ikawa kama mtu anakwangua sufuria. Namba za kuhesabu filamu iliyopigwa ziliendelea kusogea mpaka mwisho, nami kwa ujinga wangu nikaendelea kupiga. Nilipoitoa, filamu ilikuwa imesimama, na tundu moja limeliwa na ukucha wa kuvuta filamu mpaka limekuwa refu kama tundu la kifungo.

Ya pili nikapunguza, nikaweka mita 5 tu. Hii ilipita yote mpaka mkia. Nikaisafisha kwenye ndoo: developa dakika 12, maji, pamanganeti na asidi dakika 5, maji, fiksa, kisha nikawasha taa na kumalizia na developa ya pili. Imetoka nyeupe. Si nyeupe ya picha kupauka, nyeupe ya nailoni. Unasoma gazeti ukiwa umeiweka juu yake.

Swali la tatu ni dogo. Kwenye sanduku hilohilo kuna katriji mbili za Kodachrome 40, filamu ya rangi, zote zinaonyesha neno EXPOSED dirishani, maana yake baba mkubwa alizipiga akazimaliza, hakuzipeleka kusafishwa. Nikishaweza za kwangu, naweza kuzisafisha hizo kwa dawa hizihizi?

---

FundiFremu

Pole sana ndugu yangu. Nianze na ile nyeupe kwa sababu kosa lake unaliona kwenye maneno yako mwenyewe: umetia fiksa kabla ya developa ya pili.

Sahau kidogo mazoea ya negativu. Kwenye filamu ya kugeuza, yaani inayotoa picha halisi ya kuonyesha badala ya negativu, developa ya kwanza inatengeneza negativu ya fedha. Pamanganeti inaila ile fedha, inaitoa kabisa. Kinachobaki ndani ya utando ni chumvi ya fedha ambayo developa ya kwanza haikuigusa, na hiyo ndiyo picha yako. Haionekani bado, ni kama maziwa mepesi, lakini imo. Unawasha taa, chumvi yote inapigwa mwanga, developa ya pili inaigeuza kuwa nyeusi. Fiksa kazi yake ni kuyeyusha chumvi ya fedha. Ukiitia hapo katikati, umemwaga picha pamoja na maji machafu. Developa ya pili ilikuta nyumba haina mtu.

Mpangilio wangu, wote kwa nyuzi 20: developa ya kwanza, maji, pamanganeti dakika 5, maji, salfaiti au metabisalfaiti ya sodiamu dakika 2 kuondoa ule ukahawia, maji mengi, taa, developa ya pili, maji, fiksa, maji tena ya kutosha. Sioni umetaja ile salfaiti. Usiiruke, pamanganeti huacha doa la rangi ya chai ambalo likienda nalo mpaka mwisho linafanya sehemu angavu zionekane chafu. Kuhusu taa, usiwe bahili. Filamu ikiwa imejikunja ndani ya tangi, tabaka la ndani halioni kitu. Itoe, izungushe, mwangaza uingie pande zote kwa dakika kadhaa. Ukizidisha hakuna hasara. Ukipunguza, weusi unakuwa wa kijivu.

Tena developa ya kwanza isiwe ile ya negativu ya kawaida ukaishia hapo. Lazima iwe kali, na wengi tunaitia hipo (chumvi ya fiksa) kidogo, gramu 8 mpaka 12 kwa lita, ili iyeyushe ule ukungu unaobaki kwenye sehemu angavu. Bila hivyo anga lako litakuwa na sura ya ukuta usiopakwa chokaa.

Sasa kukwama. Hapa nitakaa, kwa sababu watu wengi wanalaumu kamera na kamera haina kosa.

Katriji ya Super 8, tangu Kodak waitoe mwaka 1965, ina vyumba viwili vilivyobandikwa mgongo kwa mgongo. Filamu mpya iko upande mmoja, iliyopigwa inakwenda upande wa pili, na katikati inapita dirishani ikiwa imejipinda kuhama chumba. Upande wa kupokelea kuna kitovu kinachozungushwa na kamera. Upande wa kulishia hakuna anayesaidia. Roli nzima inazunguka kwa sababu tu ukucha unaivuta, fremu moja moja, mara 18 kwa sekunde. Ukucha ule ni kipande kidogo cha chuma kinachoshika tundu moja la plastiki. Roli ikigoma hata kidogo, tundu ndilo linalolipa. Na ndivyo ilivyokuwa kwako.

Kwa nini iligoma? Ulijaza mita 15. Kiwandani wanaweza kwa sababu mashine yao inakunja filamu kwa mkazo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na kingo zinalala sawa kama kurasa za kitabu. Wewe umekunja kwa mkono, gizani, huku unahema. Roli yako ni nene kuliko ya kwao hata kama urefu ni uleule, na kingo zake zina mabonde. Kingo zilizotokeza zinasugua ukuta wa ganda. Ndiyo maana mita 5 zilipita.

Mimi naweka mita 12, sizidi. Ni fremu kama 2,800, dakika mbili na nusu hivi kwa kasi ya 18. Nakunja juu ya kijiti cha mviringo, polepole, nikichomoa kijiti roli inabaki na tundu katikati linalocheza. Isiwe ngumu kama jiwe, isiwe legelege ikaporomoka. Kisha nailaza juu ya kioo na kuigonga kwa kiganja mpaka kingo zilingane, nageuza, nagonga tena. Hatua hiyo ya kugonga haiandikwi popote na ndiyo iliyoniokoa. Usikunje kwa pupa pia: filamu kavu ikivutwa kwa kasi gizani inatoa cheche za umeme tuli, na cheche hizo utakuja kuziona kwenye picha, matawi ya radi mahali ambapo hapakuwa na mvua.

Kitu kingine. Je, ulipofungua ganda ulikuta kisahani chembamba cha plastiki kimelala kati ya roli na ukuta? Kama kilikuwepo ukadhani ni takataka, rudi kwenye takataka.

Kitovu cha kupokelea kina meno yanayokizuia kurudi nyuma. Kabla ya kufunga, kizungushe kwa kidole. Kinatakiwa kukubali upande mmoja tu. Mkia wa filamu ubandike kwa tepu fupi, nyembamba kuliko filamu yenyewe, na uizungushe mizunguko mitatu minne kwa mkono ili ishike. Upande wa dawa, yaani wenye utando wa picha, uangalie lenzi, mgongo ulale kwenye lile bamba la plastiki la kugandamiza. Gizani utajuaje? Lowesha mdomo, gusa ncha ya filamu: upande unaonata ndio wenye dawa. Ncha nasema, si filamu nzima, mate yanaacha alama.

Tepu ya umeme ni sawa lakini isipite mahali ambapo katriji inakaa ndani ya kamera. Unene wa tepu mbili unatosha kuisogeza isikae sawasawa, na hapo fokasi inapotea au kitovu hakishiki.

Na kabla ya yote haya, fanya zoezi mchana. Ulisema ulikuta Tri-X mbili zilizoharibika. Hizo ndizo walimu wako. Mimi nina kipande cha mita 12 ninachokiita Punda. Punda ameingia na kutoka kwenye katriji mara nyingi mpaka matundu yake yamechakaa, na kila nikikaa miezi bila kujaza, naanza na Punda nikiwa nimefumbua macho, halafu Punda nikiwa nimefumba, ndipo naingia chumba cha giza na filamu yenye uhai. Unapomweka Punda kwenye kamera, chora alama ya kalamu dirishani, piga sekunde tatu, toa katriji, angalia kama alama imekwenda. Rudia kila baada ya muda mpaka aishe. Fanya hivyo hata na filamu halisi ukiwa na shaka, utaunguza fremu chache tu. Namba za kuhesabu filamu usiziamini, kamera nyingi zinahesabu mzunguko wa mota na hazijui kama filamu inatembea. Na ukifungua mlango wa kamera zinarudi sifuri, kwa hiyo andika ulipofikia.

Kodachrome nitakujibu nikirudi. Kwa sasa usiziguse. Naomba, usiziguse.

---

BintiKivuli

Fundi amesema vizuri, ila mimi nina swali la msingi: kwa nini kujitesa? Katriji ya Super 8 ilitengenezwa itumike mara moja na kuvunjwa. Mshono wake hauna bawaba wala skrubu, na ukishaufungua kwa kisu unashindana na mtu aliyeubuni.

Fuji walitoa Single-8 mwaka huohuo wa 1965. Filamu ina vipimo vilevile vya Super 8, fremu ileile, lakini kwenye katriji spuli mbili zimekaa moja juu ya nyingine, sawa na kaseti ya muziki iliyosimamishwa. Bamba la kugandamiza ni la kamera yenyewe, na la chuma. Inajazwa upya bila vita na unaweza hata kurudisha filamu nyuma. Au uchukue kamera ya Double 8, ile ya mwaka 1932: spuli ya mita 7.5, upana milimita 16, unapiga upande mmoja, unageuza spuli, unapiga wa pili, ukishasafisha ndipo unapasua katikati. Hakuna katriji, hakuna kukwama.

Kuhusu dawa, naongeza mambo ambayo Fundi ameyaruka kwa sababu yeye mikono yake imeshazoea. Pamanganeti na asidi vikae chupa mbili tofauti, vichanganywe nusu kwa nusu dakika ya kutumia, maana vikishaungana havikai. Mimi natumia gramu 4 za pamanganeti kwa lita kwenye chupa ya kwanza na mililita 20 za asidi kali ya salfuriki kwa lita kwenye ya pili. Asidi inamiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamiminwi kwenye asidi kamwe, yatachemka na kukurukia usoni. Miwani, glavu, dirisha wazi.

Pia joto. Pamanganeti inalainisha utando wa dawa. Ukiwa na nyuzi 26 kwenye ndoo na unakoroga kwa mkono, utando unaanza kubanduka kingoni kama ngozi ya maziwa. Hapo ndoo inaongeza ubaya juu ya ubaya, kwa sababu filamu inajisugua yenyewe. Ndoo inafaa kwa anayependa mikwaruzo. Tafuta tangi la Lomo la Kisovieti lenye spirali ya mita 15, au jitengenezee fremu ya vijiti. Spirali iwe kavu kabisa kabla ya kupakia. Tone moja la maji tu, filamu inanata na haiendi mbele wala nyuma, na wewe uko gizani huna hata wa kumlilia.

---

FundiFremu

BintiKivuli, kwenye Single-8 huna ubishi kutoka kwangu. Ni chombo bora. Lakini dada, kijana hakurithi Single-8. Amerithi kamera ya baba yake mkubwa na anataka kusikia mota ileile. Kumwambia abadilishe kamera ni kumwambia aliyeuliza njia ya kwao kwamba kuna mji mwingine mzuri zaidi.

Kwenye joto nakubali, nilipaswa kuliandika. Na ndoo, sikuitaja kwa adabu tu.

Haya, Kodachrome.

NuruNdogo, filamu nyingine za rangi zina mbegu za rangi ndani ya utando wake. Kodachrome haina. Ni tabaka za nyeusi na nyeupe zilizopangwa juu ya nyingine, na rangi zote tatu zilikuwa zinaingizwa wakati wa kusafisha, kwa mlolongo mrefu ulioitwa K-14 ambao haufanyiki jikoni kwa mtu. Maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikipokea Kodachrome, Dwayne's Photo kule Parsons, Kansas, iliacha kuipokea tarehe 30 Desemba 2010. Baada ya hapo rangi hazipatikani tena kwa njia yoyote ya kawaida.

Kinachowezekana ni nyeusi na nyeupe. Ziko taabu mbili. Nyuma ya filamu kuna tabaka jeusi la kaboni, remjeti, linalotakiwa kulainishwa kwa maji ya magadi au boraksi na kufutwa kwa sponji taratibu. Ndani yake kuna tabaka la njano la fedha laini sana ambalo likibaki linaifanya negativu iwe nzito, kama unaitazama kupitia chupa ya dawa ya kikohozi. Na juu ya hayo ni umri: picha yenyewe imekuwa ikififia miaka yote hiyo.

Ndiyo maana nikasema usiziguse. Hujui zina nini. Labda ni dakika tatu za ukuta. Labda ni yeye mwenyewe akitembea. Filamu ya namna hiyo haitumiki kujifunzia. Ziweke kwenye mfuko usiopitisha hewa, zikae kwenye friji. Ukishasafisha filamu zako tano mfululizo bila kosa, tuongee. Au umpe aliyezoea kazi hiyo, sitakucheka.

---

MkandaMrefu

Naomba kudandia uzi. Mimi nina mabaki ya Vision3 200T, negativu ya rangi ya Kodak, ya milimita 8. Naweza kujaza kwenye ganda na kusafisha kwa dawa hizihizi za nyeusi na nyeupe?

---

FundiFremu

Unaweza, utapata negativu ya nyeusi na nyeupe, haitakuwa ya kuonyesha moja kwa moja kwenye projekta. Vision3 za milimita 8 za miaka mingi zina remjeti kama niliyoeleza juu, kwa hiyo magadi kwanza, futa, ndipo developa. Usipofuta, kaboni inatawanyika ndani ya tangi na kuganda upande wa picha, hata uoshe mara saba. Kwa rangi halisi ni mlolongo wa ECN-2, fungua uzi mwingine tusimchoshe mwenye swali.

---

NuruNdogo

Nimerudi, wakuu. Asanteni sana, wote wawili, hata pale mlipogombana.

Kisahani nilikitupa. FundiFremu, sijui ulijuaje. Nimekata kingine kutoka kwenye jalada la plastiki la daftari, nikakisugua kingo zisikwaruze.

Punda wangu ametoka kwenye Tri-X ya zamani. Mara ya kwanza mchana kweupe, macho wazi, alikwama mita ya 9. Nikafungua, nikaona roli imekuwa na umbo la sahani ya supu, katikati imezama. Nilikuwa nagonga upande mmoja tu. Mara ya pili nikagonga pande zote, akapita. Mara ya tatu nikafumba macho, nikaweka kitovu kinyume, kamera ikazunguka hewani na filamu yote ikajikusanya nyuma ya dirisha kama tambi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini unakizungusha kwa kidole kabla ya kufunga. Mara ya nne na ya tano Punda alikwenda mpaka mwisho, alama zote za kalamu zikasogea.

Nikaingia gizani na Fomapan, mita 12. Nikapiga kidogo kidogo siku mbili, zaidi mwanangu anayekimbiza kivuli chake ukutani na kukasirika kwamba kivuli hakichoki. Katriji haikulia hata mara moja.

Ndoo nimeiacha. Spirali ya Lomo nimeipata, imepasuka ukingo mmoja lakini inashika. Nyuzi 20, nilizilinda kwa beseni la maji na chupa za barafu. Mpangilio niliuandika kwa herufi kubwa na kuubandika ukutani, na mbele ya neno fiksa nikaandika MWISHO. Baada ya salfaiti nilipotoa filamu nikaona yale maziwa mepesi uliyoyasema. Nilibaki nimeyakodolea kabla ya kukumbuka kwamba taa imeshawaka na huo ndio utaratibu wenyewe.

Picha ipo! Ipo kweli. Kuna mikwaruzo miwili mirefu, nadhani ni kisahani changu. Ila imetoka nyeusi nyeusi kidogo, kama jioni, na nilipiga saa sita mchana. Niliacha kamera ichague mwanga yenyewe. Niongeze developa ya pili?

---

FundiFremu

Hongera! Hapana, developa ya pili haina la kufanya hapo, yenyewe inamaliza kilichobaki na kusimama.

Angalia ganda lako. Mapengo yaliyokatwa kwenye ukingo wa mbele ndiyo yanayoiambia kamera kasi ya filamu. Ganda la Tri-X linasema 160. Ndani umeweka filamu ya 100. Kamera imetoa mwanga pungufu, theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga) hivi, na kwenye filamu ya kugeuza mwanga ukipungua picha inakuwa giza, kinyume cha negativu. Kama kamera yako inaruhusu kufungua kwa mkono, fungua theluthi mbili. Kama hairuhusu, ongeza muda wa developa ya kwanza. Jaribu dakika moja na nusu zaidi kwenye kipande cha mita moja kabla ya kutia roli nzima. Kila ukiongeza pale, unapunguza chumvi inayobaki, picha inakuwa angavu.

Angalia pia kama kichujio cha rangi ya chungwa kimejiingiza. Kwa nyeusi na nyeupe hukihitaji, weka swichi yake kwenye alama ya balbu.

---

BintiKivuli

Na mikwaruzo, kabla hujalaumu kisahani, tazama iko upande gani. Ikiwa upande wa dawa na imenyooka kabisa toka mwanzo mpaka mwisho, futa dirisha la kamera kwa kijiti chenye pamba. Utando unaomenyeka hukusanyika pale kwenye kona na kukauka kama mchanga. Ikiwa mgongoni, basi ni bamba la katriji au ni hicho cha daftari.

Umekaushaje?

---

NuruNdogo

Nimeichungulia kwa lenzi ya kukuzia. Iko upande wa dawa, na imenyooka. Nimefungua kamera, kona ya chini ya dirisha kuna kitu cheusi kama mbegu ya ufuta. Kimetoka kwa kijiti. Kitakuwa cha filamu za baba mkubwa hicho, mimi nimepitisha tatu tu.

Nilikausha kwa kuitundika bafuni kwa mizunguko mirefu, legelege, maana nilisoma inasinyaa ikikauka. Mke wangu hakuoga mpaka asubuhi.

Kodachrome zimeingia friji. Zimebaki filamu nne.

---

FundiFremu

Ile ya mita 5 iliyotoka nyeupe usiitupe. Ikate vipande, uitumie kuanzia na kumalizia roli zako kwenye projekta.